Siku Baba Alipokataa Kuachiliwa

Nyumbani kwetu Nyalenda, neno haki halikuwa la kuchezea. Kwingine kote Kisumu watu hulimwaga tu kama maji ya kuoshea vyombo. Haki niongezee sukari. Haki usiniache. Haki woiye, nipunguzie kidogo. Ni neno la kubembelezea, na anayelisema huinamisha shingo. Lakini ukimwambia Baba, "Haki Baba, niongezee nyama," alikuwa anaacha kula na kukutazama. "Hiyo nyama ni yako, ama unaomba?" Ukisema ni yako, anataka uthibitishe. Ukisema unaomba, anakwambia basi tumia maneno ya kuomba, yako mengi, hilo liache. Wewe ungali unatafuta uthibitisho, Mama ameshakuwekea nyama na kesi imekwisha.

Ndiyo maana mimi, binti yake, na ndugu zangu tulijifunza kuomba kwa Kijaluo. Tukisema akwayi, yaani nakuomba, Baba hakuwa na shida. Shida yake ilikuwa na haki peke yake, na aliipata kwa yule Mzee.

Yule Mzee hakutajwa jina kwetu, na mimi sitaanza leo. Alikuwa mmoja wa wale walioianzisha nchi hii, na alikuwa akija huku ziwani kuhutubia watu. Kisumu kila mwanamume wa umri fulani amewahi kumshika mkono. Nimewasikiliza wengi wao kwenye matanga, na nikiwajumlisha wote naona yule Mzee hakubakiwa na muda wa kufanya kazi nyingine. Baba hakudai kwamba alimshika mkono. Alidai kwamba alimbebea betri ya kipaza sauti.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mkutano ulipokwisha, mtu mmoja alitoka katikati ya watu akavua kofia. Askari wa chifu walikuwa wamemchukulia ng'ombe. Akainama mbele ya Mzee akasema, haki Mzee, nionee huruma. Mzee akamwambia avae kofia yake, asimame wima, aseme tena. Yule mtu akavaa kofia akasema: ng'ombe ni wangu, namtaka. Na Baba husema ng'ombe alirudi. Miaka mingine akiisimulia, ng'ombe alirudi na ndama. Kutoka hapo Baba akaamua kwamba haki ni neno la mtu aliyesimama wima, tena mtu mmoja mmoja. Watu wakipita barabarani wakiimba haki yetu, haki yetu, yeye alikuwa akisema mlangoni, "Yetu ni ya nani? Kila mtu aseme yangu, tujue wangapi wako serious."

Mama pia alikuwa kwenye mkutano huo, akiwa msichana. Anachokumbuka ni mvua, na kwamba kipaza sauti hakikufanya kazi hata kidogo.

"Sasa wewe ulisikia nini?" alimuuliza Baba.

"Nilikuwa karibu."

"Ulikuwa umebeba betri bure, bwana."

Katiba mpya ilipokuja, Baba alikuwa ameshastaafu kazi ya reli. Aliisoma Sura ya Nne, ile ya haki, kama watu wengine wanavyosoma Zaburi, na akaamua kwamba ni ya yule Mzee, ingawa Mzee hakuwepo tena kuiandika. Alisema vifungu vilivyowekwa mwanzo, wakati wa uhuru, vilifutwafutwa na wakubwa, lakini kwa sababu mtu mmoja alikuwa amevisema kwa sauti, walioandika upya walijua pa kuanzia. Sina elimu ya kubishana naye hapo. Ninachojua ni kwamba kuishi na mtu wa haki ni kazi. Kwenye bomba la maji Nyalenda alikuwa akisimamisha foleni ili kueleza foleni ni nini. Mama alikuwa anaenda kumtoa hapo kwa mkono. "Haki mzee," anamwambia mbele ya watu wote, "hebu twende nyumbani, watu wachote maji." Ndiye binadamu pekee aliyeruhusiwa kulitumia hivyo. Hakuna aliyemruhusu. Alilitumia tu, maisha yake yote, na Baba alikuwa anamfuata nyuma kimya.

Mama aliugua muda mrefu. Baba alikuwa akilala kwenye viti vya hospitali, na asubuhi anawauliza wauguzi kila dawa ni ya nini, kwa kuwa ni haki ya mgonjwa kujua. Walimweleza. Mara nyingine walimwona akija wakageukia upande mwingine. Mama alipofariki Baba hakulia. Alimuuliza daktari maswali, akajibiwa, akasema asante, akaenda kutafuta jeneza.

Sasa nifike Ijumaa ile. Mama alikuwa atolewe mochari mchana, tumpeleke nyumbani kwa ukoo, upande wa Bondo, alale hapo usiku mmoja, azikwe Jumamosi. Wazee wa ukoo wetu hawataki mwili uingie bomani gizani, kwa hiyo safari ilikuwa lazima ianze mapema. Mimi ni fundi wa kushona pale Mamboleo, karibu na njia panda, na asubuhi hiyo nilikuwa bado namalizia sare zetu za matanga, vitenge vya zambarau ambavyo shangazi yangu alivichagua na kila mtu akavichukia. Baba akaja nimpunguzie koti. Lilikuwa limekuwa kubwa kwake tangu hospitali. Nilikuwa nimelitia chaki mgongoni akiwa amelivaa, na mkono mmoja nimeutia uzi mweupe wa kushikilia tu, wakati gari la kanjo liliposimama nje.

Kanjo, kama hujui, ni askari wa mji, na kazi yao ni kuwaondoa wanaouza kando ya barabara. Wanaouza kando ya barabara wana mbio zao. Kabla gari halijasimama vizuri wote walikuwa wameshayeyuka, isipokuwa mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchemsha, kwa sababu sufuria ya maji moto haikimbii. Wakamshika. Sufuria ikamwagwa.

Nikamwona Baba anavuka kwenda kule. Nikasema moyoni, yawa, jamani, si leo.

Hakupiga kelele. Alimuuliza askari jina lake, na mama yule amekosa nini, na kama ameambiwa. Askari akamwambia mzee, toka hapa. Baba akasema atatoka akishajibiwa. Nikakimbia na mkasi mkononi, na ninadhani huo mkasi haukusaidia. Nilipofika walikuwa wameshamwinua wakamweka nyuma ya gari, pamoja na yule mama wa mahindi, na gari likaondoka naye na koti lile lenye chaki.

Mtu akikamatwa Ijumaa Kisumu kila mtu hufanya hesabu ile ile. Korti ni Jumatatu. Jumatatu Mama atakuwa ameshazikwa, na mumewe hayupo. Nilifunga kibanda, nikampigia dereva wa gari la maiti nikamwambia akishamchukua Mama apitie kituo cha polisi. Akaniuliza kama nimesema kituo cha polisi ama kituo cha mafuta. Nikamwambia amesikia vizuri.

Kwenye kaunta ya kituo kulikuwa na sajenti mnene, mpole, mtu wa kutoka mbali, anakula mandazi. Ukutani nyuma yake kulikuwa na karatasi imeandikwa kwamba dhamana ya polisi ni bure. Kando ya kaunta kulikuwa na korido fupi yenye mlango wa vyuma, na ndani, kwenye benchi, walikuwa wameketi Baba na yule mama wa mahindi. Seli zilikuwa zimejaa.

Sikufikiri. Niliinamisha shingo nikasema, "Haki afande, huyo mzee ni baba yangu. Mama anazikwa kesho. Gari la maiti liko njiani."

Kwenye korido mtu akakohoa. Nakijua kikohozi hicho.

Sajenti aliacha kutafuna. "Mama yako ndiye bibi ya huyu mzee?"

"Ndiye."

"Yawa!" Hata watu wa kutoka mbali hulishika neno hilo haraka. "Pole sana, mama. Si angesema? Amekaa hapo tangu asubuhi ananifundisha katiba, kumbe ana msiba. Mchukue aende." Akafuta vidole, akachukua funguo, akafungua mlango wa vyuma. Hivyo tu. Nilikuwa nimejitayarisha kulia na hata sikupata nafasi.

Baba hakusimama.

"Nimeachiliwa kwa nini?" aliuliza.

"Kwa sababu ya msiba, mzee. Enda uzike."

"Na kama bibi yangu angekuwa mzima?"

Sajenti alifikiri, maana alikuwa mtu mwaminifu. "Basi ungengoja Jumatatu."

"Kwa hivyo bibi yangu amekufa ndio mimi nipate kutoka."

"Mzee, sikusema hivyo."

"Na huyu mama?" Baba akamwonyesha yule wa mahindi. "Tumekuja na gari moja. Bwana yake ni mzima. Afanye nini, amuue?"

Yule mama akasema bwana yake alienda Nairobi zamani, na kama ni mzima ama si mzima yeye hana habari.

"Unaona," Baba akamwambia sajenti, kana kwamba hilo linathibitisha kitu.

Alichotaka Baba ni hiki: aandikiwe dhamana, kwa kuwa ni haki ya mtu aliyekamatwa, na mama wa mahindi aandikiwe vile vile, kwa kuwa ni haki ya kila mtu aliyekamatwa, awe amefiwa ama hajafiwa. Huruma hakuitaka. Alisema huruma ya leo ni ya sajenti, na kesho sajenti atakuwa off.

"Sawa," sajenti akasema, amechoka. "Kwanza shtaka lako ni kuzuia askari kufanya kazi yake."

Baba akamjibu kwa Kijaluo kwamba haelewi. Sheria inasema mtu aambiwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoelewa, na siku hiyo Baba, ambaye Kiswahili chake cha reli kinanishinda mimi na sajenti tukiwekwa pamoja, alikuwa anaelewa Kijaluo peke yake. Ikabidi mimi nitafsiri. Nilisimama katikati yao, nikamgeukia mzazi wangu, nikamweleza kwa Kijaluo kwamba anashtakiwa kwa kuzuia askari. Alinisikiliza kwa makini sana. Kisha akasema mwambie nimeelewa. Sajenti akasema hilo amelielewa. Nilitamani dunia inimeze na viatu vyangu.

Hapo ndipo honi ikalia nje. Nikatoka. Gari la maiti lilikuwa limesimama kwenye jua, na kupitia kioo niliona jeneza, na juu yake ile picha ya Mama aliyopigwa akiwa amekasirikia mpiga picha. Ndugu zangu walikuwa kwenye gari la pili, tayari wamevaa zambarau. Dereva alitazama saa, akatazama juu, akasema kwa upole kwamba yeye hana neno, lakini barabara ya Bondo ni barabara ya Bondo.

Nilirudi ndani nikiwa mtu mwingine. Sijawahi kumpigia Baba kelele kabla ya siku ile. Nilimwambia Mama yuko nje kwenye jua kama gunia la samaki wa omena. Nilimwambia amekuwa akingoja maisha yake yote, kwenye bomba la maji, kwenye mikutano, hospitalini, amalize kuongea na watu, na sasa amekufa na bado anangojeshwa. Nilimwambia kwamba huyo Mzee wake, kama angekuwa na mke nje kwenye jeneza, angesema asante afande akaenda zake. Sauti yangu ilifika mpaka kwa mahabusu wa seli za ndani. Nilimchukia kabisa kwa dakika hizo, na nilimwambia.

Baba alitazama mikono yake. "Mama yako amezoea kuningoja," alisema.

"Mzee, toka tu," mama wa mahindi akamwambia. "Mimi nitakaa. Jumatatu si mbali."

"Sitoki."

Sajenti akatutazama sisi watatu. Akatazama mlango, ambako honi ilikuwa inalia tena. Halafu akavuta kiti, akasukuma mandazi kando, akaanza kuandika, huku ananung'unika kwamba kwao wazee hufa na adabu zao. Alimwandikia Baba dhamana. Alimwandikia mama wa mahindi dhamana. Mama yule hakuwa na mtu wa kumdhamini, kwa hiyo mimi nikamdhamini mtu ambaye jina lake nililijua wakati huo tu, kwa sababu sajenti alilisoma kwa sauti. Niliweka sahihi kwa hasira mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Haya," sajenti akasema. "Ni haki yenu. Sasa mmefurahi?"

"Si jambo la kufurahi," Baba akamjibu kwa Kiswahili safi.

Alitoka nje polepole akapanda gari la maiti mbele, karibu na dereva. Mimi niliingia gari la pili ili nisikae naye. Njia nzima, kupitia Kisian mpaka Bondo, sikusema neno, na shangazi alidhani ni majonzi, akanipa maji. Tulifika nyumbani jua likiwa limebaki kidogo sana. Wazee walikuwa wamesimama langoni na walitazama angani kwa namna ya kutuambia kitu. Baba aliwapita, mgongoni chaki, mkononi uzi mweupe.

Jumamosi tulimzika. Watu walikuwa wengi na hotuba zilikuwa ndefu. Mwanasiasa mmoja ambaye hakumjua Mama alizungumza juu ya yule Mzee aliyeanzisha nchi, na jinsi alivyomshika mkono. Nikajua Baba atainuka kumsahihisha. Nikajikaza kungoja betri, kofia, ng'ombe na ndama. Alipopewa kipaza sauti, Baba alisema, "Asanteni kwa kuja," akakirudisha, akaketi. Mshereheshaji alidhani kipaza sauti kimeharibika, akakigonga.

Jioni watu walipoanza kuondoka, nilikwenda nyuma ya nyumba wanakoosha vyombo, nikamkuta yule mama wa mahindi amechuchumaa kwenye beseni, mikono kwenye povu mpaka viwiko. Alikuwa amekuja kwa gari la abiria kutoka Kisumu, peke yake, na hakuna aliyemwuliza yeye ni nani, kwa sababu mtu anayeosha sahani kwenye matanga haulizwi. Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa. Nilimwambia asante kwa kuja. Nilimwambia pia anisamehe kwa zile kelele za kituoni, lakini Baba na haki zake angemwua mtu.

"Hapana," alisema. "Mimi nilimwambia atoke hata kabla hujafika. Alikuwa analia sana."

"Nani?"

"Baba yako. Alilia kutoka kwa gari ya kanjo mpaka pale kwa benchi; afande akitazama anajikaza, akigeuka analia tena. Nikajua ni hofu ya seli. Nikamwambia mzee, wewe ni mtu mzima, mwambie huyo afande haki nisaidie, atakuachilia. Ndio akaniambia bibi yake amekufa. Nikamwambia sasa si uende! Akasema nikitoka hapa nitaenda kumzika. Nikikaa hapa, hajazikwa." Alisuuza sahani akaniwekea. "Halafu tukasikia wewe umekuja, akapangusa macho."

Nilipangusa sahani ile mpaka nikaona hakuna cha kupangusa. Kisha nikaiweka chini nikazunguka nyumba. Baba alikuwa ameketi peke yake kwenye kiti cha plastiki, karibu na udongo mpya, amevaa koti lile. Nikavuta kiti kingine nikakaa.

"Baba, ungeniambia."

"Nikwambie nini?"

"Kwamba hutaki kumzika."

Alifikiri, vile anavyofikiri kabla ya kumjibu mtu wa serikali. "Hicho si kitu mtu anaweza kukidai, nyara," alisema, na nyara kwetu ni binti yangu. "Ningedai kwa nani?"

Nikamshika mkono, tukakaa hivyo, mpaka wenye mahema wakaja kuchukua viti vyao, wakatuambia pole, na wakatuomba tusimame.